Safari Bila Msindikizaji: Kukua Mwanamume na Mwanamke Ipyana, 1875 hadi Leo

Mvulana wa Kinyakyusa aliyefikisha umri wa miaka kumi au kumi na mmoja hakulala tena kwa baba yake. Yeye na wenzake wa rika moja walijenga vibanda pembeni mwa kijiji cha wazazi, na kuanzia hapo usiku wake ukawa wa huko. Ndivyo ilivyokuwa katika uwanda wa Kyela, kati ya Mto Songwe na Milima ya Livingstone, ambako Ipyana imekaa katika tambarare ya migomba, mpunga na kokoa kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Wasomaji wengi wamewahi kusikia habari za jando, za unyago, za marika ya Wamasai. Kijiji kinachoanzishwa na watoto, wakakua nacho, wakaoa humo na kuzeekea humo, ni jambo lililopatikana mahali pachache sana duniani.

Ninaiandika historia hii kwa sababu ya swali la leo. Vijana wa sasa wanauliza waziwazi: kuwa mwanamume ni nini, kuwa mwanamke ni nini, na itakuwaje ikiwa ninavyojijua ndani yangu havilingani na nilivyoitwa siku niliyozaliwa? Watu wazima wengi hujibu kwa ukali, wakiamini kwamba zamani maswali ya namna hii hayakuwepo kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimenyooka. Nimesoma yaliyoandikwa kuhusu uwanda huu na sioni unyofu huo. Naona jamii iliyojua kwamba miaka ya kubalehe ni ya hatari, ikawapa watu kazi maalumu ya kuwasindikiza wanaoipita. Kisha naona jinsi kazi hiyo ilivyofutwa kipande kwa kipande, na hakuna aliyekabidhiwa upya.

Kabla ya 1891: kijiji cha wavulana

Mwanzo ulikuwa malishoni. Kuanzia miaka sita hivi mtoto wa kiume alichunga ng'ombe wa baba yake pamoja na watoto wa majirani, na kati yao aliibuka kiongozi kwa nguvu zake na kwa jinsi wenzake walivyomkubali. Walipofika kumi au kumi na mmoja waliwaachia wadogo zao ng'ombe, wakashika jembe katika mashamba ya baba zao, na wakaanza kulala kwenye vibanda vyao. Chakula waliendelea kula kwa mama, ila hawakula mmoja mmoja. Kundi zima lilikwenda kwa mama wa huyu, kisha kwa mama wa yule. Mama aliyetembelewa na kundi la mwanawe alijivunia jambo hilo. Mtoto aliyependa kula peke yake alionwa kuwa na kasoro ya tabia, na mtu mzima wa namna hiyo aliweza hata kushukiwa uchawi.

Raha ya kukaa na wenzako, kula nao na kuzungumza nao kwa usawa, Wanyakyusa waliiita ukwangala. Waliamini kwamba mtu hawezi kujifunza adabu, hekima wala maneno ya watu kwa baba yake, kwa sababu mbele ya baba kijana hunyamaza. Hujifunza kwa wenzake. Hapo ndipo mvulana alipojaribu kuwa mtu mzima: akakosea, akachekwa, akarekebishwa, akajaribu tena, na wote waliomzunguka walikuwa katika hatua ileile.

Sababu ya kuwatoa wavulana nyumbani ilikuwa stara. Ilikuwa aibu kwa mwana aliyekaribia utu uzima kuyajua mambo ya chumbani ya wazazi wake. Baadaye, alipooa, ikawa mwiko mkubwa zaidi kwa mkewe kukutana na baba mkwe. Mke wa Kinyakyusa hakumtazama baba mkwe wake, alimpisha njia, na aliacha kutamka hata maneno ya kawaida yaliyofanana na jina lake. Vijiji viwili, cha baba na cha wana, vilikuwa njia ya kuishi na miko hiyo bila kugongana kila siku.

Kila baada ya kizazi kimoja, miaka thelathini hivi, ilifanyika sherehe ya ubusoka. Mioto ya zamani ilizimwa, moto mpya ukawashwa kwa kupekecha, wakuu wa vijiji vya vijana wakachaguliwa, na wana wawili wakubwa wa chifu, yaani malafyale, wakatolewa mbele ya watu. Nchi ilikabidhiwa. Wazee walisogea pembeni na kuwaachia vijana ardhi, na chifu mzee hakutarajiwa kuishi muda mrefu baada ya hapo. Ni mara chache katika historia tunakuta jamii iliyopanga kwa kalenda siku ambayo wazee watawaachia vijana.

Lakini nisiipambe. Ng'ombe wa mahari walikuwa mikononi mwa wazee, na wazee waliwatumia kujiolea wao wenyewe wake wengi. Kijana aliweza kungoja mpaka karibu miaka ishirini na mitano au zaidi kabla ya kuoa. Na juu ya kila kijiji kulikuwa na nguvu iliyoogopwa sana, ile iliyoitwa pumzi ya watu: majirani wakikasirishwa na mwenendo wa mtu, hasira yao yenyewe iliaminika kumletea baridi na homa. Ukwangala ulimkumbatia aliyefuata mwendo wa wenzake. Aliyekwenda kinyume alihisi baridi.

Upande wa wasichana

Wasichana hawakuwa na kijiji. Hilo ndilo pengo kubwa la mfumo wote, na hufunikwa kila unaposifiwa. Msichana alichumbiwa akiwa mdogo, mara nyingi kabla hajabalehe, na mtu aliyemzidi umri kwa mbali. Siku zijazo za mwili wake zilikuwa zimeshazungumzwa kwa hesabu ya ng'ombe kabla yeye mwenyewe hajaulizwa neno.

Hata hivyo naye alipewa wasindikizaji. Damu ya kwanza ilipoonekana alitengwa katika nyumba maalumu, sakafu ikatandikwa majani, na wenzake wadogo wakakaa naye. Wanawake wakubwa walimjia kumfundisha: namna ya kujitunza, dawa za kumkinga yeye na watoto atakaowazaa, adabu ya ukweni, miko ya baba mkwe. Kutengwa huko kuliweza kuchukua wiki nyingi, na mila za kubalehe na za ndoa zilifungamana hata ikawa vigumu kuzitenga. Alipotoka alitambuliwa na ndugu wa pande zote mbili kuwa mwanamke.

Tukitazama kwa macho ya leo, mafunzo yale yalimwandaa kutii. Lakini alipoogopa mwili wake ulivyobadilika, alikuwepo mwanamke mzima aliyekaa chini naye na kumweleza kilichokuwa kinampata, bila kukimbilia kwingine. Ni wasichana wangapi wa darasa la sita leo wanaopata hilo?

1891 hadi 1916: misheni na nyumba ya mke mmoja

Mskoti Joseph Thomson alipofika kaskazini mwa ziwa mwaka 1879 aliandika kwa mshangao juu ya usafi wa vijiji, migomba na nyumba zilizojengwa kwa ustadi. Miaka kumi haikupita kabla vita vya Karonga, kati ya mfanyabiashara wa watumwa Mlozi na Wangonde walioungwa mkono na Waingereza, havijatikisa pwani yote. Mwaka 1890 Ujerumani na Uingereza zilikubaliana mpaka, na Mto Songwe ukawatenga Wanyakyusa na ndugu zao Wangonde.

Mwaka uliofuata wamisionari wa Kijerumani walifika kwa makundi mawili, Wamoravian waliojenga Rungwe na wale wa misheni ya Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky. Wamoravian waliteremka uwandani mwaka 1894 na kuanzisha kituo cha Ipyana.

Misheni ilikuwa na wazo lake la namna mwanamume na mwanamke wanavyopaswa kuwa. Familia moja, paa moja, baba, mama na watoto pamoja. Mwanamume mwenye wake wengi hakubatizwa mpaka abaki na mmoja. Mila za kutenga wasichana zilishukiwa kuwa upagani. Karibu na kanisa vikazuka vijiji vya Wakristo ambamo umri wa mtu haukuwa tena sababu ya kukaa mahali fulani. Imani ndiyo iliyowakusanya. Mtoto wa mwinjilisti alikwenda shule mchana na kulala kwa wazazi wake usiku.

Kwa baadhi ya wasichana huo ulikuwa ukombozi. Aliyekataa kuolewa na mzee aliweza kukimbilia misheni, na kwa mara ya kwanza katika uwanda huu kulikuwa na mlango wa kugonga nje ya ukoo. Kwa wavulana mambo yalikuwa mchanganyiko zaidi. Walipata kusoma, wakapata Kitabu na jina jipya, lakini sauti ya wenzao wa rika, ambayo hapo awali iliwafunza utu uzima, ilihamishiwa kwa mwalimu mmoja aliyesimama mbele ya darasa. Mbele ya mwalimu, kama mbele ya baba, kijana hunyamaza.

Serikali ya Kijerumani iliongeza kodi ya nyumba mwishoni mwa miaka ya 1890. Kodi ilihitaji fedha, fedha ikahitaji kazi ya ujira, na kazi ya ujira ilikuwa mbali. Hapo ndipo uzi wa kwanza wa kijiji cha vijana ulipokatika.

1916 hadi 1938: wazee wa kanisa, dhahabu, na daftari za Wilson

Majeshi ya Uingereza ya Jenerali Northey yalichukua Tukuyu mwaka 1916, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Kwa karibu miaka kumi makanisa ya uwandani yalishikwa na Wanyakyusa wenyewe, wakisaidiwa kwa mbali na misheni ya Waskoti ya Livingstonia. Kipindi hiki hutajwa kwa mistari michache tu, nami nadhani kinastahili zaidi. Wazee wa kanisa walilazimika kuamua wenyewe kipi cha mila kibaki na kipi kiondoke. Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920 walikuta kanisa lililozoea kujiamulia.

Miaka ya 1930 dhahabu ya Lupa, huko Chunya, iliwavuta wanaume wa Rungwe na Kyela kwa maelfu. Wengine walivuka mipaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na ya dhahabu Afrika Kusini. Kijana aliyerudi na mshahara alinunua ng'ombe wake, hakungoja wa baba. Akaoa mapema, akachagua mwenyewe. Uzee ulipoteza rungu lake kuu. Wakati huohuo kundi la rika lilitawanyika: wawili Lupa, mmoja migodini, wanne nyumbani. Ukwangala hauwezi kukaa na viti vitupu.

Katika miaka hiyohiyo ndipo Godfrey Wilson na mkewe Monica, mzaliwa wa Lovedale, Afrika Kusini, walipoishi Unyakyusa, kati ya 1934 na 1938, wakiandika kwa bidii yote waliyoyaona. Walisaidiwa na Wanyakyusa waliosoma, miongoni mwao Leonard Mwaisumo, karani na mkalimani aliyewafungulia milango mingi. Bila watu wa namna yake daftari zile zingekuwa tupu. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica aliendelea peke yake: kitabu chake kuhusu vijiji vya marika, Good Company, kilitoka mwaka 1951, kikafuatwa na viwili kuhusu mila mwaka 1957 na 1959. Mwaka 1977 alichapisha cha mwisho, kilichofuatilia uhusiano wa vizazi na wa wanaume na wanawake kuanzia 1875 hadi 1971. Wapo waliomkosoa: Michael McKenny mwaka 1973 aliupitia upya muundo mzima wa jamii aliouchora. Ukosoaji huo ni wa haki. Lakini sijaona aliyekanusha jambo la msingi: kwamba vijana wale walikuwa na mahali pao, na kwamba watu wazima waliona mahali hapo kuwa sehemu ya malezi.

1945 hadi 1976: ardhi inakwisha

Yaliyobaki yalimalizwa na ardhi. Kijiji cha vijana kilihitaji uwanja mtupu wa kuanzia, na uwanja huo haukuwepo tena. Milimani palikuwa na kahawa, uwandani mpunga, na shamba lenye zao la biashara halikabidhiwi kwa rika lijalo. Hurithiwa na mwana. Philip Gulliver alipochunguza umiliki wa ardhi na kuandika ripoti yake ya 1958, aliyaona haya yakitokea. Baba akamshikilia mwana karibu kwa sababu ya mpunga, na mwana akamwangalia baba kwa jicho la mrithi anayengoja.

Baada ya uhuru, machifu waliondolewa katika utawala, na kwa hiyo ubusoka haukuwa tena na wa kumtoa mbele ya watu. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ilipanga nyumba upya kwa mistari. Elimu ya msingi kwa wote ikawaweka watoto madarasani. Ndani ya kizazi kimoja kijana wa Ipyana alihama kutoka kwenye rika lake akaingia katika familia, kutoka kwenye familia akaingia shuleni, na kila mmoja alidhani mwingine ndiye anayemfundisha mambo ya utu uzima. Mzazi aliamini mwalimu atasema. Mwalimu aliona ni kazi ya mzazi. Mchungaji alisubiri darasa la kipaimara, na hapo akafundisha amri tisa kati ya kumi kwa sauti kubwa na ile ya uzinzi kwa haraka.

Kisha Ukimwi ukafika. Kyela ina mpaka wa Kasumulu, ina bandari ya Itungi, ina barabara ya kwenda Mbeya, na hizo ndizo njia ambazo ugonjwa ulipitia. Katika utafiti wa kitaifa wa 2011 na 2012, Mkoa wa Mbeya ulikuwa na maambukizi ya asilimia 9 kwa watu wa miaka 15 hadi 49, miongoni mwa viwango vya juu kabisa nchini. Ugonjwa uliwachukua hasa watu wa umri wa shangazi na wajomba, wale ambao wangeweza kuwa wasindikizaji. Bibi aliachiwa wajukuu, na bibi huona haya kusema na mjukuu mambo ambayo hata mwanawe hakumwambia.

1971 hadi 2021: msichana mbele ya sheria

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akingoja 18, na mahakama iliweza kuidhinisha hata ndoa ya wa miaka 14. Kwa miaka arobaini na mitano tofauti hiyo ilisimama. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alishinda Mahakama Kuu, iliyosema vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, na mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha. Msichana alitambuliwa na majaji kuwa mtoto sawa na kaka yake.

Shuleni njia ilikuwa ndefu zaidi. Aliyepata mimba alifukuzwa, na mwaka 2017 Rais wa wakati huo alisema hadharani kwamba hatarudi darasani. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba anaweza kurudi. Katika miaka yote hiyo wasichana walilipa peke yao gharama ya jambo lililohitaji watu wawili.

Ninaziweka habari hizi hapa kwa sababu zinaonyesha jinsi nchi yetu inavyobadilisha fikra. Iliyoitwa mila isiyogusika iligeuka kuwa jambo la kujadiliwa, kisha la kurekebishwa. Aliyelianzisha alikuwa mwanamke kijana aliyeuliza swali kwa adabu mbele ya majaji.

Wanaotoka nje ya mstari

Sasa nifike kwa wale ambao hata kijiji cha wavulana na nyumba ya wasichana, kwa uzuri wake wote, havikuwa na kitanda chao: mtoto ambaye mwili wake hausomeki kirahisi, na kijana ambaye mwili unasomeka lakini nafsi yake inasema vingine.

Afrika Mashariki ya zamani haikuwa na jibu moja kwao. Kwa Wakuria wa Mara kuna desturi inayojulikana hadi leo, nyumba ntobhu, ambayo mwanamke asiye na mwana wa kiume huoa mwanamke mwenzake ili apate warithi. Kwa sheria za ukoo, anayeoa huchukua nafasi ya mume. Kwa Walango wa Uganda, J. H. Driberg aliandika mwaka 1923 juu ya wanaume walioishi na kuhesabiwa kama wanawake. Fiqhi ya Kiislamu, inayofahamika vizuri pwani, ina milango mizima inayomjadili huntha, yaani mtu ambaye mwili wake hausomeki kirahisi kuwa wa kiume au wa kike: arithi vipi, asimame wapi katika sala, azikwe na nani. Wanazuoni wale waliona kwamba mtu huyu yupo na ana haki zinazohitaji hesabu.

Kenya ndiyo iliyokwenda mbali zaidi mahakamani. Mwaka 2009, katika Hospitali ya Kenyatta, alizaliwa mtoto ambaye kwenye fomu, mahali pa jinsi, mhudumu aliweka alama ya kuuliza. Mama yake alikwenda mahakamani, na Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola aliiagiza serikali ionyeshe ni chombo gani kitakachokusanya takwimu za watoto kama huyo. Sensa ya 2019 ikawahesabu kwa mara ya kwanza, ikapata watu 1,524. Sheria ya Watoto ya 2022 ikamtaja mtoto huntha waziwazi, ikampa haki ya kutendewa kwa heshima na matunzo, na ikaharamisha kumbadilisha viungo bila ushauri wa daktari bingwa. Kutoka alama ya kuuliza hadi kifungu cha sheria ilichukua miaka 13.

Miezi miwili kabla ya uamuzi wa Lenaola, Jaji Weldon Korir aliamua kesi ya Audrey Mbugua, aliyefanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2001 kwa jina la kiume na sasa anaishi kama mwanamke. Baraza la mitihani liliagizwa kumpa cheti chenye jina lake jipya, bila alama ya jinsi. Jaji aliona kwamba alama zake za mtihani hazikutegemea alama ya jinsi.

Kwetu Tanzania sheria imeelekea upande mwingine. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kina mizizi katika sheria za kikoloni za Kiingereza, na marekebisho ya 1998 yaliongeza adhabu yake mpaka kifungo cha maisha, kisichopungua miaka 30. Februari 2017 serikali ilisitisha huduma za Ukimwi katika vituo 40 vilivyohudumia makundi yaliyo hatarini. Oktoba 2018 mkuu wa mkoa mmoja alitangaza msako. Novemba serikali ikasema hayo si msimamo wake. Kifungu kile huadhibu kitendo. Hakuna mahali kinaposema kwamba mtoto wa miaka 14 anayemweleza mama yake ya moyoni ni mhalifu. Lakini hofu haisomi vifungu. Mama husikia habari redioni, akamwangalia mwanawe anayecheza na wasichana, akachukua fimbo kwa sababu anaogopa, na mtoto akajifunza kunyamaza.

Madaktari nao wanaendelea kujifunza. Mwaka 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani ziliidhinisha toleo la 11 la orodha ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, ambalo liliondoa hali ya nafsi kutolingana na jinsi ya kuzaliwa katika kundi la magonjwa ya akili. Huko Uingereza, ripoti ya Daktari Hilary Cass ya Aprili 2024 ilitaka tahadhari kubwa kuhusu dawa za kuchelewesha balehe kwa vijana, na ikataka vilevile kila kijana apewe tathmini kamili na heshima. Kuhusu dawa wataalamu wanabishana, na watabishana bado. Uwanda wa Kyela hauna dawa hizo, na mjadala wa Ipyana hauhitaji kuanzia hapo. Unaanzia kwenye kitanda cha mtoto na mlango wa chumba cha mama.

Ipyana ya sasa

Mvulana wa Ipyana leo ana simu, ana bodaboda ya kaka, ana mechi ya ligi ya Uingereza kwenye kibanda cha video. Rika lake limerudi, ila sasa liko kwenye kioo, na wenzake wengi hajawahi kuwaona. Humo anajifunza kuwa mwanamume kutoka kwa watu wanaotaka kumuuzia kitu. Msichana anaanza hedhi, na taulo za kujihifadhi ndizo mara nyingi mafunzo yake yote. Na yule wa tatu, anayejihisi tofauti na wote wawili, huandika swali lake kwenye simu usiku, akalifuta kabla ya asubuhi.

Wazee wa zamani wa uwanda huu wangeshangaa kutukuta hivi. Wangeuliza: nani amepewa mtoto huyu? Walijua kwamba baba hafai kuwa pekee wa kuulizwa, wala mama, kwa sababu wanampenda mno na wanaona haya mno. Ndiyo maana walimpa mtoto rika na wakubwa waliojitolea. Tuna watu wa kuifanya kazi hiyo: mashangazi, wajomba, walimu wa malezi, wahudumu wa afya wa vijiji, wazee wa usharika. Kuwarudisha kwenye kazi hakuhitaji fedha za wafadhili.

Lakini safari hii kundi lisiwe na baridi ile ya zamani. Kijana aliye tofauti na wenzake ndiye anayehitaji msindikizaji kuliko wote, na ndiye tunayemnyima kwanza. Mzazi hana haja ya kuwa na majibu yote wala kukubaliana na kila atakachosikia. Anaweza kusikiliza mpaka mwisho kabla ya kujibu, akaacha fimbo, akakataa kumpeleka kwa anayeahidi kumtoa pepo, akamlinda shuleni dhidi ya kejeli, na akamwachia muda, kwa sababu vijana wengine huuliza na kupita, na wengine huuliza na kubaki walivyosema.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa kila mtoto wa Tanzania haki ya kutoa maoni, kusikilizwa, na kushiriki katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Haikuacha nje swali lolote. Na kwa mtoto asiye na mtu mzima wa kumwambia, au mzazi asiyejua aanzie wapi, ipo namba ya taifa ya huduma kwa mtoto: 116. Kupiga ni bure.